Jioni Bendera Ilipokwama Ruzizi

Papa yangu, yaani baba mzazi, ana sikio moja zima na lingine bovu, lakini filimbi ya bendera huisikia kwa yote mawili. Angekuwa amelala chini ya mablanketi yote ya nyumba, mvua ya Bukavu ikipiga mabati kama kijiji kizima kinachotwanga sombe, majani ya muhogo, filimbi ikilia kule chini kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa, naye angeamka na kusimama kando ya kitanda, mikono imenyooka, kaptula imepinda. Mama alikuwa akisema kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na mlingoti.

Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze. Mahali popote penye ofisi ya serikali au kituo cha polisi, bendera hupandishwa asubuhi na kushushwa saa kumi na mbili za jioni. Filimbi ya kwanza ikilia, kila aliye karibu husimama hapo hapo alipo. Mwenye pikipiki huzima mashine. Mwanamke mwenye gunia la makaa mgongoni husimama na gunia lake, kamba ikimkata kipaji cha uso. Nimeona kinyozi amesimama na wembe hewani na mteja amebaki na nusu ya ndevu, wote wawili wakitazama juu kama watakatifu wa kwenye kioo cha kanisa. Kuku peke yao ndio wanaoendelea na maisha. Kisha filimbi ya pili inalia, na mji unaanza tena pale ulipoachia, hata matusi yanaendelea kutoka neno lililokatika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tulipokuwa watoto. Baadaye watu walianza kuteleza. Kijana anajifanya hasikii, mwenye gari anafunga kioo. Sitasema hapa bendera gani inapepea wapi siku hizi na nani anaipandisha. Hayo yana wenye kuyaandika, nami naandika ya nyumbani.

Papa alifundisha somo la uraia katika shule ya msingi mpaka chaki ikamwingia mapafuni. Kizazi kizima cha Kadutu, mtaa wetu, kilijifunza kwake maana ya buluu, ya nyekundu, ya manjano na ya ile nyota. Bendera ya komini yetu ilikuwa imepigwa na jua mpaka buluu yake ikawa rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji, lakini papa aliiona mpya kila siku. Siku za mpira, timu ya taifa ikicheza, mji wote ulijipaka bendera: mashavu ya watoto wachanga, tanki za pikipiki, hata mbuzi mmoja wa mtaa wa Panzi, naapa, mbuzi mzima na pembe zake. Papa alipita kando yake kama mtu aliyekutana na maiti.

"Drapo haiko rangi ya kupakaa mbuzi," alisema, yaani bendera.

"Lakini papa, mbuzi naye ni wa inchi hii," nilimjibu.

"Mbuzi hajui mashairi ya wimbo."

Mimi mwenyewe sikuwa mwanafunzi wa kujivunia. Nilisoma masomo ya jioni, benchi moja na akina baba wenye wajukuu, na nilipata diploma yangu nikiwa nimeanza kupata upara. Kama masomo yangechelewa kidogo tu ningeipokea pamoja na pensheni. Mchana nilitengeneza redio na simu pale Nyawera. Papa alikuja kwenye sherehe ya diploma na koti lake jeusi, akanipigia makofi kuliko wote, lakini mimi na yeye tulijua makofi ya kweli alikwisha kuyatumia zamani, kwa dada yangu mkubwa.

Dada alikuwa mwalimu kama yeye. Alikuwa na mwandiko wa papa, ukali wa papa na ile tabia ya papa ya kusahihisha vibao vya maduka akipita njiani. Jioni walikaa barazani wakisahihisha daftari za wanafunzi pamoja, wakicheka makosa ambayo sisi wengine hatukuona yanachekesha nini. Mama alisema nyumba yetu ina ndoa mbili, na moja ni ya walimu.

Basi dada akaolewa na mwanamume aliyekuwa na safari ndani yake. Huyo shemeji alitangulia Amerika kwa njia ile ndefu ya karatasi, na baada ya miaka karatasi za dada nazo zikafika. Tulicheza, tulikunywa, jirani wakaja hata wale tusiosalimiana nao. Papa hakucheza.

"Batoto ba hapa nani atabafundisha?" alimwuliza dada mbele ya watu.

"Papa, niko naenda kwa bwana yangu. Siko nakimbia shule."

"Sijasema unakimbia. Nimeuliza nani atabafundisha."

Kuanzia hapo hao wawili walizungumza kama watu wanaopitishiana chumvi. Nimejiuliza mara nyingi kama papa alikuwa anailinda nchi au alikuwa anamlinda mtu wake wa kukaa naye barazani. Nadhani yeye mwenyewe hakujua mpaka wa vitu hivyo viwili uko wapi.

Siku ya safari, dada alitakiwa kulala Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kwa sababu basi la Kigali liliondoka alfajiri kabla ya mpaka kufunguliwa. Miaka ile mpaka ulifungwa saa kumi na mbili za jioni. Aliondoka nyumbani mchana pamoja na mama na masanduku yaliyovimba kana kwamba amefungasha kilima cha Kadutu chenyewe. Kabla ya kutoka alipiga magoti mbele ya papa. Papa alikuwa uani amefungua redio, redio niliyoitengeneza mimi mwenyewe, isiyokuwa na ugonjwa wowote, na alikuwa akizungusha bisibisi ndani yake kama daktari anayepasua mtu mzima wa afya.

"Papa, unibariki."

"Wende," alisema papa, na macho hakuyainua.

Dada alingoja kidogo pale chini. Kisha akasimama, akapangusa vumbi kwenye magoti, akaenda.

Nusu ya mchana papa aliendelea kuiua ile redio. Mimi nilikaa mlangoni nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Jua lilipoanza kulala upande wa Kabare, aliweka bisibisi chini, akaingia ndani, akatoka na koti jeusi na tai.

"Vaa viatu," aliniambia. "Tunaenda kumuona mutoto."

Nilivaa viatu kwa mbio ambazo timu ya taifa haijawahi kuziona. Nikiwa njiani nikampigia dada, ambaye sisi wadogo humwita yaya.

"Yaya, papa anakuya."

"Anakuya yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Na koti."

"Koti ya sherehe?"

"Ile ile. Na kravati."

Nilimsikia akimwambia mama, na mama akipiga kigelegele huko huko Rwanda, ambako watu wana adabu na hawapigi vigelegele ovyo. Dada akasema watashuka mpaka kwenye daraja, watatungoja upande wao, ili papa asipande kilima cha Kamembe kwa miguu.

Tulikodi pikipiki moja, mimi nyuma, papa katikati kama mfuko wa thamani. Nyawera magari yalikuwa yamefungana, kila mmoja akimpigia mwenzake honi kwa kosa la mtu wa tatu. Dereva wetu alipita kwenye mtaro, akapita kati ya meza za nyanya, akapita, nadhani, sebuleni mwa mtu. Papa hakulalamika hata mara moja. Alikuwa ameshika tai yake isipepee, na nilimsikia akijisemea kitu mgongoni mwa dereva, polepole, kama mwanafunzi anayejifunza somo. Alikuwa anatengeneza maneno ya kumwambia dada. Nilisikia "mwanangu" na nilisikia "haiko sababu ya hasira". Mengine upepo uliyachukua.

Tulifika Ruzizi bado kukiwa na nafasi. Haikuwa nafasi kubwa, lakini ilitosha. Tukapata jeto, ile karatasi ndogo ya kuvukia, afisa akatupungia mkono tupite, na mbele yetu ikabaki barabara fupi, kizuizi cha kwetu kikiwa kimeinuliwa, na daraja. Ng'ambo ya daraja nilimuona mama kwanza, kwa sababu ya kitenge chake chenye tausi wakubwa kuliko kawaida ya tausi. Kando yake alikuwa dada. Alikuwa ameinua mkono.

Papa naye akainua wake. Ndipo filimbi ikalia.

Nyuma yetu, kwenye kituo cha kwetu, polisi wawili walikuwa wameanza kushusha bendera. Papa alisimama. Mkono uliokuwa juu ulishuka ukanyooka kando ya suruali, kidevu kikapanda, na akageuka kuitazama bendera, mgongo ukabaki kwa daraja na kwa dada. Mimi nikasimama kando yake. Wote tulisimama: wanawake wenye mabeseni ya samaki, vijana wenye mafuta ya kupikia, wabadilishaji wa pesa. Jambo la muda mfupi, si zaidi ya sala moja ya Baba Yetu iliyosomwa na padri mwenye njaa.

Ila siku hiyo kamba ilikwama.

Bendera ilishuka mpaka katikati ya mlingoti na kukataa. Yule polisi mwembamba alivuta. Yule mnene alivuta. Walivuta pamoja. Bendera ilipanda kidogo badala ya kushuka, kama mtoto anayegomea kuoga. Na filimbi ya pili haiwezi kulia kabla bendera haijafika mkononi, hiyo ni sheria, papa mwenyewe ameifundisha. Mnene alileta kiti. Mwembamba alipanda kiti, akaomba ufagio, akaanza kusukuma kamba kwa mpini wa ufagio huku kofia yake ikianguka. Siku nyingine ningecheka mpaka nilazwe hospitali.

Watu walianza kuteleza. Kwanza wale wenye mafuta, wakiinama kana kwamba mtu aliyeinama haonekani. Kisha akina mama wa samaki. Mmoja wao, mwanamke mzito mwenye beseni la sambaza kichwani, alipita kando yetu na kusema bila kusimama:

"Papa, tembea. Bale banafunga."

Papa alibaki amenyooka.

"Papa muzee, drapo haitakufukuza. Barrière njo itakufungia," alisema, akionyesha kizuizi cha ng'ambo kwa kidevu.

"Papa," nilisema, "twende polepole. Bote banaenda."

Nilimshika kiwiko. Kiwiko kilikuwa mti. Macho yake yalikuwa kwenye bendera, na jasho lilikuwa likimtoka kwenye kola. Niligeuka kutazama ng'ambo. Dada alikuwa amesogea mpaka kwenye kizuizi chao, mikono yake imeshika chuma, na watu wetu walikuwa wakipita kando yake wakikimbia, mmoja mmoja, na yeye anatazama nani anakuja na nani haji. Bendera ya Rwanda ilikwisha kushushwa zamani, kwa kamba iliyopakwa mafuta, nina hakika, wale watu hata kamba zao zimekwenda shule.

Mwembamba akafaulu. Bendera ilianguka yote kwa mara moja juu ya kichwa cha mnene, wakaikunja, filimbi ikalia. Papa akageuka na kutembea, na naapa sijawahi kumuona akitembea hivyo, koti likiruka nyuma. Tulifika kwenye mdomo wa daraja wakati chuma cha ng'ambo kinashuka. Askari wao aliinua kiganja, bila ukali. Polisi wetu nyuma akamwita papa kama mjomba wake: "Tonton, rudini, imekwisha. Kesho."

Ruzizi pale inatoka ziwani na haraka zake zote, inapiga kelele kama soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Dada alifungua mdomo, nasi hatukusikia. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona kuwa amefunga nywele upya kwa ajili ya kumpokea papa. Simu yangu ikalia. Ilikuwa yeye, pale pale tukitazamana.

"Mupe papa simu."

Nilimpa. Papa aliitazama simu, akatazama daraja, akanirudishia.

"Mwambie safari njema."

"Papa, mwambie weye. Yuko anakungoja."

"Mwambie safari njema," alisema tena, na sauti yake haikuwa na maji hata tone. Yale maneno aliyoyajifunza mgongoni mwa dereva sijui yalikwenda wapi.

Nilisema, "Yaya, papa anasema safari njema." Kwenye simu nilisikia mto kutoka upande wao. Kisha dada akasema, "Aksanti. Nimeona," akakata.

Tulirudi kwa miguu mpaka Nguba, kwa sababu papa hakutaka pikipiki. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa inatoka kama mzaha. Nikamwambia angalau bendera imefika nyumbani salama.

"Haikuwa drapo nilisimamia," alisema.

"Sasa ulisimamia nini?"

"Miguu njo ilisimama. Niliiambia itembee. Ikakataa."

Alisema kwamba zamani, akiwa mwalimu kijana, wakati ule ambao hakuna aliyethubutu hata kupepesa macho, alifungwa siku nzima kwa sababu alikohoa wakati bendera inapanda. Hivyo ndivyo alivyosema, alikohoa. Mama, nilipomwuliza baadaye, alisema hakukohoa, alikuwa anatembea, alikuwa anawahi kwenye kilio cha mama yake mzazi, na walimpiga kabla ya kumfunga. Sijui nani kati yao anakumbuka vizuri. Najua tu kwamba jioni ile, njia nzima ya Nguba, papa alikuwa akiitazama miguu yake kama mtu aliyegundua kwamba wapangaji wake ni wezi.

"Mwambie yaya hivyo," nilimsihi. "Mwambie tu hivyo, miguu ilikataa."

"Mutu muzima anamwambia mutoto wake aliogopa kamba?" alisema papa.

Basi dada akaenda. Akawa anampigia mama, na mwisho wa kila simu akasema, "Musalimie papa." Papa alikuwa amekaa hapo hapo, kiti cha pili, anasikia kila neno kwa lile sikio zima. "Umwambie nasalimia," alisema kwa mama. Mama alikuwa posta.

Habari za Amerika zilitufikia kwa njia hiyo ya mama, na zile za bendera ndizo nilizozipenda kuliko zote, kwa sababu zilikuwa kubwa kuliko uongo wangu mwenyewe. Kule, alisimulia dada, bendera iko kwenye baraza za nyumba za watu, na si nyumba za wakubwa, nyumba za mafundi bomba. Kwenye kituo cha mafuta iko moja kubwa kama uwanja wa mpira. Iko kwenye kofia, kwenye soksi, kwenye chupi za wanaume. Mpangaji aliyetangulia aliacha yake mlangoni mwao, na shemeji akaogopa kuitoa majirani wasije wakamwona mbaya, akaogopa na kuiacha mvua isije ikaichakaza, akawa anaiingiza na kuitoa kama mbuzi.

"Na jioni bakishusha, batu banasimama?" aliuliza mama, simu ikiwa kwenye sauti kubwa.

"Hakuna mwenye anasimama, maman. Kila mutu anaenda zake. Wimbo ukipigwa pa mpira, banasimama na banaweka mukono pa kifua. Njiani, hapana."

"Na hakuna mwenye anabapiga?"

"Nani atabapiga?"

Papa alikuwa anamenya ndizi. Nilimuona akiacha kumenya.

Kisha ikaja picha ya sikukuu yao, watu uani wanachoma nyama, na mikononi mwao vitambaa vya karatasi vya kupangusa midomo, na kwenye vitambaa vile bendera yao, nyota na mistari, yote imelowa mafuta ya kuku. Papa aliitazama picha hiyo muda mrefu. Nilingoja aseme neno kama la mbuzi wa Panzi. Aliuliza tu, "Amenenepa?" Mama akasema ndiyo, kidogo. "Ni vizuri," alisema papa.

Watoto wawili walizaliwa huko. Papa aliwajua kwa picha. Kisha, baada ya miaka, dada akala kiapo cha uraia wa huko. Kwa sheria yetu uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Ukichukua wa watu, wa kwako umeuweka chini. Papa aliifundisha sheria hiyo ubaoni, na dada alikuwa dawati la kwanza. Dada alimwomba mama papa awepo kwenye simu siku hiyo, aone kwa video. Nilidhani atakataa. Alikaa na koti jeusi mbele ya simu niliyoiegemeza kwenye thermos. Tuliona ukumbi, watu wa rangi zote, kila mmoja na kibendera mkononi, na dada ameinua mkono wa kulia. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha na sikukipata. Mtandao ukakwama, dada akabaki na mkono juu na mdomo wazi kwenye kioo.

"Amekwisha kuapa?" aliuliza papa.

"Nadhani amekwisha."

"Mwambie..." alisema, akangoja. "Mwambie koti yake ni muzuri."

Mwaka uliofuata alikuja kutuona. Alipita Kigali na Kamembe, nami nilimngojea upande wa kwetu wa daraja. Kwenye ofisi ya mpaka afisa kijana alimwonyesha mstari wa wageni, wa pembeni, mfupi, wenye wazungu wawili na mtawa wa Kihindi.

"Madame, huu ni mustari ya ba étrangers. Uko na visa?"

"Niko nayo. Nimezaliwa Kadutu, mudogo wangu."

"Naona, maman. Iko mu passeport. Lakini passeport inasema étrangère."

"Na weye unasema nini?"

"Miye nasema karibu," alisema yule kijana, akapiga muhuri, na wote wawili wakacheka, ila dada alipofika kwangu macho yake yalikuwa mekundu.

Nyumbani papa alimpa kiti cha wageni. Sikuamini. Kiti kile chenye mito, ambacho hata padri alikaa baada ya kubembelezwa. Alinituma soda. Alimuuliza kama njia ilikuwa nzuri, kama hali ya hewa ya kule ni nzuri, kama shemeji ni mzima. Dada alijibu kila swali, magoti yamebanwa, chupa ya soda mkononi. Ugali ulikuwepo, samaki walikuwepo, jirani wote walikuja tena, na mimi nilisimulia uongo mpaka mwenyewe nikachoka. Wale wawili walikaa chumba kimoja muda wote wa ziara yake na hawakufika mahali. Jioni moja nilimuona papa akitoa daftari za zamani za uraia, akaziweka mezani karibu na dada, akatoka. Dada alizifungua, akasoma kidogo, akazifunga vizuri, zikabaki mezani.

Siku ya kuondoka dada alichagua saa nne asubuhi. Alisema ni kwa ajili ya gari. Lakini saa nne, kila mtu anajua, bendera imekwisha kupanda na bado haijafikiria kushuka. Papa alivaa koti, akashika fimbo, akavuka nasi. Tulivuka kama watu wanaoenda kununua kabichi. Hakuna aliyetuzuia. Upande wa pili, kando ya gari la Kigali, tulisimama watatu, dereva anafunga masanduku juu.

"Leo imekuwa rahisi, papa," alisema dada.

Papa alitazama fimbo yake. "Ile siku," alisema, "haikuwa drapo. Miguu ilikataa. Waliwahi kunipiga juu ya mambo ile, na miguu haikusahau."

"Najua, papa."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Niliona uso yako ulipogeukia daraja. Nilijua pale pale."

Papa aliegemea fimbo. "Sasa kama ulijua, mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja weye useme," alisema dada. "Kila nilipopiga simu nilifikiri, leo atasema. Hata siku ya kiapo."

"Na miye nilifikiri uko na hasira."

"Nilikuwa nayo. Kwanza ilikuwa ya bendera. Kisha ikawa ya kungoja."

Dereva alimwambia dada aingie, anaondoka. Walikumbatiana vibaya, fimbo katikati, na gari likapanda kilima.

Tangu hapo wanapigiana kila Jumapili baada ya misa, wao wenyewe, bila posta. Mimi nashika simu tu kwa sababu papa hubonyeza visivyobonyezwa. Anauliza, anauliza, mzee yule ana maswali ya kujaza ziwa. Anataka habari za mwaka wa kwanza. Ulilala wapi siku ya kufika. Mtoto wa kwanza alipozaliwa ulipika nini. Nani alikufundisha njia ya kwenda sokoni.

"Theluji ya kwanza ilikuwa namna gani?" aliuliza Jumapili iliyopita.

"Baridi, papa."

"Baridi tu?"

"Nilimwelezea maman wakati ule," alisema dada. "Nilimwelezea vizuri sana. Sasa nimesahau."

Papa akaniangalia, kisha akamwangalia mama. Mama alifikiri, akatikisa kichwa. Hata yeye hakukumbuka alichosimuliwa.